Milimita 28

Rimu zile nilizipenda kabla sijazijua namba. Zilikuwa za rangi ya shaba, spoki sita nyembamba, uso umezama kidogo kuelekea ndani. Gari langu, Subaru Impreza, nilikuwa nimelishusha wiki chache kabla. Kukaa chini lilikaa, lakini magurudumu ya awali yalikuwa yamezama ndani ya madigadi kama macho ya mtu asiyelala.

Muuzaji aliniuliza maswali matatu. Gari gani? Nikamwambia. Matundu matano? Ndiyo. Mia? Ndiyo, 5x100, yaani matundu matano ya kufungia kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. "Basi kaka, zinaingia." Na kweli ziliingia. Ila kuingia ni jambo moja, kuzunguka huku gari limebeba watu na linapita kwenye tuta ni jambo jingine kabisa, na hilo hakuna aliyeniuliza, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nyumbani niligeuza moja kifudifudi. Nyuma ya spoki palikuwa na chapa: 17x8JJ, yaani kipenyo inchi 17 na upana inchi 8, halafu ET35. Nikachukua futi ya utepe, nikapima kutoka ukingo hadi ukingo, nikapata inchi 9. Nikampigia simu: "Kaka, umeniuzia nane, mbona hizi ni tisa?" Akacheka tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba upana wa rimu hupimwa pale tairi linapokalia, ndani ya kuta mbili za ukingo. Unene wa kuta zenyewe hauhesabiwi. Rimu ya inchi 8 ukiipima kwa nje utapata karibu 9, kwa hiyo nilikuwa nimemlaumu mtu bure. Namba iliyostahili simu ya hasira ilikuwa ile ya pili, ET35, inayosema gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani, na hiyo niliisoma nikaipita.

Siku mbili za kwanza niliendesha peke yangu, mafuta nusu tangi. Kimya. Nilipiga picha nyingi kuliko nilivyowahi kupiga za ndugu zangu. Siku ya tatu nikapakia rafiki zangu watatu. Tuta la kwanza hakuna kitu. La pili, upande wa kulia nyuma pakatoa sauti kama mtu anayechana shuka. Aliyekaa nyuma akasema, "Ndugu yangu, hili gari linakula kitu." Na lilikuwa linakula kweli. Niliposimama na kuinama na tochi, bega la tairi lilikuwa na mkwaruzo unaong'aa wa upana wa kidole, na vipande viwili vya mpira vinaning'inia. Ukingo wa ndani wa madigadi, ile sehemu ya bati iliyokunjwa kuelekea gurudumu, ulikuwa umetoka rangi na kubaki mweupe kama makali ya kisu kilichotoka kunolewa.

Nilitafuta dawa za haraka, na sioni aibu kuzitaja maana kila mwenye gari lililoshushwa amewahi kuzijaribu. Niliongeza upepo kwenye matairi. Nilikaza shokapu hadi gari likawa linaruka kama mkokoteni. Halafu nikaenda kwa watu wa alaimenti wakanilazia magurudumu ya nyuma, juu yaingie ndani, hadi kemba, yaani huko kulala kwa gurudumu, ikafika digrii 3 hasi. Sauti ikapungua. Baada ya miezi minne matairi ya nyuma yalikuwa mazima kabisa ukiyatazama kwa nje, na kwa ndani nyuzi za waya zinachungulia. Hesabu ya kemba si ngumu: kwa gurudumu la kimo cha langu, kila digrii moja inaingiza sehemu ya juu ya tairi kama milimita 5 na nusu ukilinganisha na kitovu chake. Nilikuwa nimeuza seti ya matairi ili ninunue milimita 16.

Kulikuwa pia na mtetemo. Ulianza kwenye kilomita 90 kwa saa, ukapotea kwenye 110. Nikapeleka kubalansi mara mbili, wapi. Kumbe tundu la katikati la rimu zile lilikuwa milimita 73.1 na habu ya gari langu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, ni 56.1. Rimu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari ya aina mbalimbali hutobolewa tundu kubwa makusudi, halafu unatakiwa uweke pete ya plastiki au alumini ya kuziba ile nafasi ili rimu ikae katikati barabara. Mimi sikuwekewa pete. Nati peke yake ndizo zilizokuwa zikijaribu kuitafuta katikati, na zilikuwa zinaikosa. Pete nne, mtetemo ukaisha. Hilo nalimaliza hapo.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa springi, mzee wa maneno machache. Nilimpelekea nikitaka springi ngumu zaidi. Akazunguka gari mara moja, akaingiza vidole juu ya tairi la nyuma, akauliza, "Kijana, rimu za zamani unazo?" Ninazo, mzee. "Kalete moja."

Akazilaza mbili chini, uso umeangalia sakafu. Akaweka rula ya chuma juu ya ukingo wa ile ya zamani, ikavuka toka upande mmoja hadi mwingine, na kwa rula ya pili akapima kushuka kutoka hapo hadi kwenye uso unaogusana na habu. Milimita 150. Akafanya hivyohivyo kwenye ya shaba. 149. "Umeona?" Nilikuwa sijaona kitu. Kwangu mimi zilikuwa sawasawa.

"Sawasawa kwa ndani," akasema. "Na hii ni pana zaidi kwa inchi moja na nusu. Huo upana mwingine umeenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nikikisoma kwa mwaka mzima bila kukielewa. Chukua rimu uikate katikati ya upana wake, kama unavyopasua mkate. Huo mkato ndio mstari wa kati. Ofseti ni umbali kutoka mstari huo hadi kwenye uso unaobana na habu, kwa milimita. Zile herufi ET zimetoka kwenye neno la Kijerumani Einpresstiefe. Uso ule ukiwa upande wa nje wa mstari wa kati, ofseti ni chanya, na magari mengi ya leo yako hivyo. Namba ikishuka gurudumu linatoka nje, ikipanda linaingia ndani.

Rimu zangu za awali zilikuwa za inchi 16, upana 6.5, ET55. Mpya ni upana 8, ET35. Tofauti ya upana ni inchi 1.5, yaani milimita 38. Upana hugawanywa pande mbili: 19 zinaenda ndani, 19 zinaenda nje. Halafu ofseti imeshuka kwa 20, nayo inasukuma gurudumu zima kwenda nje kwa 20. Kwa ndani: 19 kutoa 20, sawa na pungufu ya moja, ndiyo maana rula ya mzee ilitoa karibu jibu lilelile. Kwa nje: 19 jumlisha 20. Milimita 39. Upana wote niliouongeza, na moja ya ziada, nilikuwa nimeutupia upande mmoja wa gari.

Watu wengi huishia hapo kwenye hesabu, na vikokotoo vingi vya kwenye simu pia. Lakini ukingo wa rimu siyo unaogusa madigadi. Kinachogusa ni tairi, na tairi lina tumbo lake. Tairi langu la zamani, 205/55R16, yaani upana wa maandishi 205 kwa rimu ya inchi 16, likiwa kwenye rimu ya 6.5, lilikuwa na upana halisi wa milimita 214 nilipolipima tumbo kwa tumbo. Lile la 225/45R17 kwenye rimu ya 8 lilikuwa 230. Ukitanua rimu kwa nusu inchi, tumbo la tairi hutanuka kama milimita 5, si 13. Kwa hiyo nusu ya tofauti ni 8, jumlisha 20 za ofseti: tairi lilitoka nje kwa milimita 28. Na kwa ndani lilikuwa limejitenga na shokapu kwa milimita 12 zaidi ya zamani. Yaani nilikuwa na nafasi ya bure ndani, ambako hakuna mtu anatazama, huku nje nikigombana na bati.

Mzee hakuniuzia springi. Aliniambia nirudi siku asiyokuwa na kazi nyingi, tulipime gari.

Kipimo chenyewe kilichukua nusu siku na sijawahi kujuta. Tulitoa shokapu moja ya nyuma, tukaifungua, tukaondoa springi, tukairudisha shokapu mahali pake ikiwa tupu. Ile raba ya juu inayozuia shokapu isigonge mwisho tuliiacha ndani. Mzee alisisitiza, maana ndiyo inayoamua gurudumu litapanda hadi wapi. Bila springi, gurudumu linapanda na kushuka ukilisukuma kwa jeki. Tukafunga rimu ya zamani na tairi lake, tukaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, tukalipandisha polepole.

Gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, ungeweza kuingiza ngumi kati ya tairi na bati. Jeki ilipofika juu kabisa, tairi lilikuwa limemezwa na madigadi, na kati ya bega lake na ule ukingo uliokunjwa palibaki milimita 22. Nilipima mara tatu kwa kuchomeka vijiti vya unene tofauti. Kwa ndani, kati ya tairi na mwili wa shokapu, palikuwa na 17. Niliziandika namba hizo kwa kalamu ya risasi nyuma ya kifuniko cha droo ya mbele, na bado zipo: N22, Nd17.

Basi hayo ndiyo majibu ya swali ambalo muuzaji hakuuliza. Gari langu, kwa kimo nilichokishusha, lina milimita 22 nje na 17 ndani. Nilikuwa nimetumia 28 nje. Sita zaidi ya zilizokuwepo.

Mbele ni hadithi nyingine kwa sababu gurudumu linakata kona. Huko ukilipandisha kwa jeki uzungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, na gurudumu likiwa chini, katikati na juu, maana panapogusa panahama. Tulibandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, kwenye bati na karibu na tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu. Tukazungusha, tukateremsha, tukaenda kusoma alama. Mbele ya tairi, kwenye kona ya chini ya bampa, udongo ulikuwa umebonyezwa hadi kubaki kama karatasi. Hapo rimu za shaba zilikuwa zinagusa kila nilipogeuza gari kwenye nafasi finyu, na mimi nilidhani ile sauti ni mchanga.

Na usukani? Hilo nililihisi miezi yote lakini nilikuwa nikiyalaumu matairi. Gurudumu la mbele, unapokata kona, huzungukia mstari usioonekana unaopita juu ya shokapu kushuka hadi kwenye boljointi ya chini. Mtengenezaji ameamua mstari huo uguse barabara karibu na katikati ya tairi. Ukishusha ofseti kwa 20 umelihamisha tairi mbali na mstari kwa 20, na sasa kila shimo, kila mfereji kwenye lami, unapata mkono mrefu wa kuzungushia usukani. Gari langu lilikuwa linafuata nyayo za malori kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Nikishika breki upande mmoja ukiwa kwenye maji, usukani ulinivuta vidole. Beringi za habu nazo zinabeba uzito kwa mkono mrefu kuliko ule zilizopangiwa. Zangu sikuziua, labda kwa sababu sikukaa nazo muda mrefu.

Basi tukakaa chini na karatasi. Nilichotaka ni gurudumu lijae nje bila kugusa, na tairi lilelile la 225/45R17 kwa sababu kimo chake ni milimita 634 na lile la awali ni 632, hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi. Namba ya uzito pia ilikuwa ileile, 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi. Tukajaribu upana 8 wenye ET48: nje 8 jumlisha 7, ni 15, ndani 8 kutoa 7, ni 1. Inakaa. Tukajaribu upana 7.5 wenye ET48: tumbo la tairi kwenye rimu hiyo ni 225, nusu ya tofauti ni 5.5, kwa hiyo nje 12.5, na ndani linajitenga kwa milimita moja na nusu. Inakaa zaidi. Nikauliza mbona tusichukue 8, nafasi si ipo? Mzee akanijibu kwamba ile 22 tumeipata gari likiwa limekaa karakana, na kwenye kona tairi hujipinda kuelekea pembeni, na raba za mikono zinachoka. Yeye hapendi kuacha chini ya milimita 8 kwa nje. Ile ya 8 ingeniachia 7. Mtu mwingine angechukua 8 akafurahi nayo, na sitamwambia amekosea. Mimi nilikuwa nimeshachoka kusikiliza sauti.

Nilipokuwa nazitafuta, rafiki alinipata na rimu za Impreza STI, lile toleo la kasi, nzuri, safi, ofseti 53, bei ya ndugu. Nikaanza kushukuru. Bahati nzuri niliuliza za mwaka gani. STI za kuanzia 2005 zilibadilishiwa matundu, zikawa 5x114.3, hazikai kwenye habu ya 5x100 hata ukiomba. Kuna watu huweka spesa za kubadilisha matundu, yaani vipande vya chuma kati ya habu na rimu, na spesa za aina hiyo huwa nene kwa kuwa zinabeba stadi zake zenyewe, yaani zile bolti zinazoshikwa na nati. Weka ya 20 chini ya ofseti 53 na umebaki na 33, umerudi kulekule nilikotoka. Spesa yoyote ni ofseti inayopungua, hata ile ndogo ya 5 wanayokwambia haina madhara.

Nilizozipata mwishowe zilikuwa za kijivu, 17x7.5, ET48, si nzuri kama za shaba, nakiri. Kabla ya kulipa nilikuwa nimekata kipande cha boksi kwa umbo la kalipa ya breki ya mbele, kuanzia uso wa habu kwenda nje, nikakipitisha nyuma ya spoki. Rimu mbili zenye upana na ofseti ileile zinaweza kutofautiana hapo, moja ikapita na nyingine ikagonga kalipa, kwa sababu umbo la spoki halimo kwenye namba. Kipande cha boksi kilipita na kubakisha unene wa kidole kidogo.

Kufunga nako kuna mambo yake. Subaru hutumia uzi wa M12x1.25, yaani stadi ya unene wa milimita 12 na meno yaliyopishana kwa milimita 1.25. Magari mengi ya Kijapani yana 1.5, na nati ya 1.5 itakubali kuingia mizunguko miwili mitatu kabla haijakwama na kula stadi, kwa hiyo anza kwa mkono kila wakati, spana baadaye. Kichwa cha nati kilingane na shimo la rimu, koni kwa koni. Na baada ya kilomita 50 au 100 kaza tena, maana rimu mpya hujikalisha.

Siku ya kwanza nilipakia watu wanne makusudi, na mizigo kwenye buti. Tulipita matuta yote niliyokuwa nikiyakwepa. Kemba ya nyuma nilikuwa nimeipunguza hadi digrii 1.5 hasi. Hakuna aliyesema kitu nyuma, walikuwa wanabishana mambo ya mpira.

Rimu za shaba niliziweka sokoni. Akaja kijana mmoja na Impreza kama yangu, imeshushwa zaidi ya yangu, simu mkononi imejaa picha. Akazizunguka, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Bro, hizi zikikaa zitatoka nje vizuri eeh?" Nikamwuliza ana milimita ngapi nje. Akanitazama. Nikaleta jeki na rula, tukapima kwa haraka bila hata kutoa springi, tukiwa tumewakalisha wenzake wawili kwenye buti. Tulipata nafasi ya 19. Nikamwandikia kwenye kiganja cha mkono: 28.

Akaondoka bila kununua. Rimu bado ziko nyuma ya mlango wa stoo, na pete zake nne nimezining'iniza kwenye msumari.